Notisi ya Ukutani

Mama Herufi alikuwa wa nne kwenye benchi, barua mkononi, rangi nyekundu bado imeganda chini ya kucha. Ilikuwa mara yake ya tatu wiki hii kuja ofisini kwa mwenye kiwanja, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Alikodi kiwanja kile akajenga kibanda cha kuchorea mabango. Mkataba ulimpa haki ya kukinunua ndani ya miaka mitano, inayotimia leo, kwa bei iliyoandikwa siku ya kwanza, mradi amjulishe mwenye kiwanja kwa maandishi. Benki ilishakubali kumkopesha. Bahati mbaya lami nayo ilishafika mtaani, na viwanja vya jirani sasa havishikiki kwa bei.

"Siwezi kupokea barua bila kuigonga muhuri," karani alisema, "na muhuri umepelekwa kutengenezwa."

"Tangu Jumatatu, mwanangu?"

"Mama, mimi natumwa tu. Bosi mwenyewe kasafiri."

Nje ya dirisha, gari la bosi lilikuwa linaoshwa.

Mama Herufi hakufoka. Alirudi kwenye benchi, akafungua mkataba, akakifuata kile kipengele kwa kidole. Kwa maandishi. Karatasi haikutajwa. Muhuri haukutajwa. Alishaandika kwenye malori, mafriji, hata makaburi. Akajiuliza, hivi ukuta una kosa gani?

Saa nane mchana alikuwa juu ya ngazi, kwenye ukuta wa kibanda unaotazama barabara anayopita bosi akienda kwake. MIMI MPANGAJI WA KIWANJA HIKI NIMEAMUA KUKINUNUA KWA BEI YA MKATABA WETU. Chini yake, tarehe na jina lake kamili.

"Mama, siku hizi unatongoza kwa bango?" muuza mkaa alimtania.

"Namtongoza mmoja tu, na ananikimbia!"

Saa kumi gari likafunga breki.

"Unanidhalilisha mbele ya watu!" mwenye kiwanja alifoka. "Futa!"

"Kumbe umerudi, mzee. Pole na safari."

"Nimesema futa!"

"Nitafuta. Ila kesho usije ukasema nimekuchafulia ukuta kwa rangi nyingine. Niandikie amri."

Kuandikia watu amri ndiyo ilikuwa raha ya bosi. Alitoa karatasi ya ofisi, akaandikia juu ya boneti: Nimesoma maandishi yako ya kununua kiwanja. Nakuamuru uyafute leo hii. Akatia sahihi.

"Na tarehe, mzee. Na saa."

Akaandika vyote viwili.

"Sasa bila muhuri nitajuaje ni amri ya ofisi?"

Akapekua mkoba, akautoa muhuri, akaugonga kwa nguvu. Wino ulikuwa wa kutosha.

Mama Herufi aliipuliza karatasi ikauke, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuitia kifuani. Kisha akapanda ngazi, akaanza kufuta. Miaka yote ya kazi hii, hajawahi kufuta bango lake kwa furaha namna ile.