Kifuko cha Uzi Mwekundu

Kila asubuhi msimamizi wa kiwanda cha nguo alishonea ufunguo wa mlango wa nyuma ndani ya kifuko, kwa uzi mwekundu, akamvisha fundi mmoja shingoni. Vitambaa vilikuwa vimeota miguu, ndiyo maana. Kufumua mshono bila ruhusa ni kuaga kazi.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Daftari. Walimbandika jina hilo kwa sababu ya masomo yake ya jioni. Mwanawe wa miezi minane alimwacha kwa dada yake.

Msimamizi alipotoka kidogo, moshi ukaanza kutambaa kutoka chumba cha pasi, kando kabisa ya mlango wa mbele. Mashine zikanyamaza.

“Mama Daftari, fungua!”

“Na kama si moto?” mkata vitambaa akadakia. “Utamlisha mwanao madaftari?”

Mama Daftari akakishika kifuko. Juzi mwalimu wa jioni aliwauliza: haki mtu hupewa, au huzaliwa nayo? Darasa lilibishana mpaka koo zikakauka. Sasa wanawake kumi na tisa walimkodolea macho kifuani, wakikohoa. Pumzi zile, nani alikuwa amewapa ruhusa ya kuzivuta?

Akaukata uzi kwa meno.

Walikuwa wamejazana uani mpiga pasi alipotokea, ameshika suruali iliyotoboka. “Jamani, nisameheni. Nilisahau pasi juu yake. Nimeshamwagia maji.”

Wengine wakaangua kicheko. Mama Daftari akautazama uzi uliokatika.

“Lete,” shoga yake akanong'ona, sindano tayari mkononi. “Uzi mwekundu ninao. Nani atajua?”

Alikitoa kifuko, kisha akakirudisha kifuani. “Usishone, shoga. Tukificha, siku moto ukiwaka kweli, atakayekivaa ataogopa kufungua kuliko mimi.”

Msimamizi aliporudi aliuona mshono wazi. “Moto uko wapi?”

“Haukuwepo, bosi.”

“Kumbe ulikosea.”

“Kwa moto nilikosea. Kwa mlango, hapana.”

“Nani alikupa haki ya kufungua?”

“Ya kutoka tukiwa hai? Hiyo tulikuja nayo asubuhi, bosi.”

Msimamizi akakipokonya kifuko, akakishona upya, akamnyooshea mkata vitambaa. Mkata vitambaa akarudi nyuma. Msimamizi akamgeukia shoga yake Mama Daftari, naye akarudi nyuma. Hakuna shingo iliyojitokeza. Mwishowe akakifumua mwenyewe, akautundika ufunguo kwenye msumari kando ya mlango.

“Wewe, tutaonana kesho.”

Mama Daftari akaketi penye mashine yake. Mguu ulitetemeka mno, mshono ukaenda upogo.