Miaka Mitano ya Bochaberi

Bochaberi alikuwa nyumbani akimenya ndizi za kuchemsha, Jumatatu ya wiki yake ya mwisho katika kiwanda cha chai kule Manga, alipohisi kwamba goti haliumi tena. Akajitazama kiooni: mvi zote zimetoweka. Chumbani, mumewe Nyasani, aliyezikwa mwaka juzi nyuma ya migomba, alikuwa akitafuta viatu vyake.

"Mama Purity, umeviweka wapi?"

Viatu alikuwa ameshampa shemeji yake. Akaenda kuviomba.

Kiwandani, Ombok, afisa wa pensheni, alikuwa amewakusanya wafanyakazi uani. Mfuko wao mdogo wa pensheni ulikuwa umeunganishwa na ule mkubwa wa kampuni ya Kisii mjini.

"Gharama za kuuendesha zitapungua," alisema. "Na mtu akihamishwa, akiba yake inamfuata."

"Na kustaafu?" Bochaberi akauliza. "Si mimi namaliza Ijumaa?"

"Mfuko mkubwa unastaafisha kwa miaka sitini, mama, si hamsini na mitano. Ndiyo maana mmerudishiwa mitano."

Watu waliguna tu. Mokua, dereva wa lori, alikuwa amerudishiwa meno yake ya mbele. Mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye sasa alikuwa bado hajazaliwa, hakuonekana nyumbani asubuhi ile, na mkewe alishinda akikunja vinguo vyake. Mokua aliuliza kama mtu anaweza kubaki katika mfuko wa zamani. Ombok akamwambia wadhamini wa mfuko walishapiga kura.

Bochaberi alimfuata Ombok ofisini.

"Nipe likizo nimpeleke mzee hospitali Kisii. Ugonjwa wake naujua. Safari hii tutauwahi."

Ombok alimwonea huruma, hata akamvutia kiti.

"Mama, likizo za miaka hii ulishazimaliza zote. Si ulikuwa unamuuguza?"

Usiku kucha Bochaberi alilala macho akisikiliza jinsi Nyasani anavyopumua. Kulipopambazuka, Nyasani alikaa mlangoni akiutazama mteremko.

"Ukistaafu tupande parachichi pale," alisema.

"Tutapanda, Baba Purity."

Kisha Nyasani akakohoa, mara moja tu, kikohozi kikavu. Bochaberi alimtilia uji, akamwekea karibu, akavaa ovaroli yake na kushika njia ya kiwandani.