Kipande Asichokisimulia Baba

"Basi Sultani wako wa Omani na aje aitengeneze hiyo lifti!" Suad alisema, na maneno yalipomtoka tu akajua amekosea, maana babake alipenda mno kulijibu hilo.

"Angekuja," Mzee Matar alisema. "Wallahi angekuja. Wewe hukumjua."

"Baba, mtu kafa. Miaka mitano sasa yuko kaburini."

"Mungu amrehemu."

"Amrehemu. Na mama yangu nisije nikamwombea rehema leo hii kwa sababu ya lifti."

Walikuwa wamesimama kwenye ujia mwembamba wa fleti ya wazee, ghorofa ya tisa, Lewisham, Landani. Mzee kaupa mgongo mlango wa mbele, mkono mmoja kwenye kitasa, kama askari wa zamu. Sebuleni, mkewe Bi Nusra alikuwa juu ya kiti cha mbao cha jikoni, kafungwa shiti kifuani na mapajani asiteleze, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Kando yake majirani wawili walijifanya hawasikii: Lusajo, Mnyakyusa anayeendesha basi, na Chaman, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la simu chini ya jengo. Suad ndiye aliyewaita, waje wambebe mamake mpaka chini.

Chini lilikuwa likingoja gari la hospitali. Wahudumu wake walishasema: wao humpokea mgonjwa mlango wa jengo, kumteremsha ngazi zote hizo si kazi yao. Bi Nusra alikuwa anangojewa kwa matibabu ya vali ya moyo mchana ule. Miadi miwili alishaikosa kwa sababu hiyohiyo ya lifti, na karani wa hospitali alimwambia Suad kwa sauti ya upole kabisa kwamba akiikosa na hii jina lake linatolewa, aanze upya. Kuanza upya ni mwaka. Daktari naye alikwisha kumwambia, bila kuzunguka, kuwa moyo ule hauna mwaka.

Lifti ilikufa tangu kabla ya Ramadhani. Suad aliipigia simu kaunsili, halmashauri yenye jengo, mpaka akaujua muziki wao wa kusubirisha watu kuliko nyimbo za harusi yake. Kila mara alipewa mtu mpya, na kila mtu mpya alianza kwa kumwuliza jina lake linaandikwaje. Alikwenda ofisini, akaambiwa mambo ya lifti ni ya kampuni. Kampuni ikasema kipuri kimeagizwa. Kimeagizwa wapi, kwa nani, hakuna aliyejua. Suad alisomea stashahada ya uhasibu na alizoea vitu vyenye mwanzo na mwisho. Hiki hakikuwa na pa kukishika. Hata mtu wa kugombana naye hakumpata. Wote walikuwa na adabu.

Mzee Matar hakupiga simu hata moja. Yeye alingoja siku mkubwa wa nyumba za kaunsili alipokuja kufungua uwanja wa watoto nyuma ya jengo. Akashuka ngazi zote kwa magoti yake mabovu, amevaa kanzu ya Idi na kilemba cha Kiomani, akasimama ukingoni mwa njia. Gari liliposimama akampa yule bwana mkono, na bila ya kuuachia akamweleza: mke wangu yuko juu, mgonjwa, lifti haifanyi kazi, nimekuja kukushitakia wewe. Bwana mwenyewe, kijana wa tai ya buluu, akatabasamu. "Niachie mimi hilo," akasema kwa Kiingereza. Wakapigwa picha.

Kwa Mzee Matar shauri likaishia hapo. Kilichobaki ni kungoja.

Ndivyo alivyofunzwa. Aliikimbia Unguja baada ya mapinduzi, kijana wa asili ya Omani asiye na nchi, akawa anahangaika baina ya Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka 1970 Sultani Qaboos akakamata ufalme kule Omani, akawaita Waomani waliotawanyika duniani warudi wajenge kwao. Matar akaenda. Alikuta watu bado wanasimulia jinsi milango ya Maskati ilivyokuwa ikifungwa usiku, na mwenye kutembea gizani sharti achukue taa. Skuli zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na barabara ya lami haikufika hata kutoka Lewisham kwenda Woolwich na kurudi. Akaziona kwa macho yake skuli zikiota, hospitali, umeme, maji. Akaona na lile lililomkaa moyoni kuliko yote: kila mwaka Sultani akifunga safari na magari yake, akipiga mahema jangwani, na raia wakimkabili njiani kumweleza shida zao uso kwa uso.

Matar, karani wa wizara, aliwahi kufuatana na msafara huo. Kulikuwa na mzee aliyeomba kisima kijijini kwake.

"Akaambiwa, nenda kwako ukakae," husimulia mpaka leo. "Akenda, akakaa. Wachimbaji wakaja, wakamkuta mlangoni. Angekuwa katoka je? Wangemwuliza nani?"

Hata miaka ya tisini, Bi Nusra alipoajiriwa uuguzi Landani na nyumba nzima ikamfuata, Matar hakuiacha imani hiyo uwanja wa ndege. Aliyepewa ahadi na mkubwa habanduki mahali pake. Kuondoka ni kumwambia mkubwa neno lako si neno.

Na angekuwa peke yake na imani yake, Suad angemwacha nayo. Lakini Bi Nusra, aliyewahi kuamrisha wodi nzima wakamsikia, hajavuka kizingiti bila ruhusa ya mumewe tangu aolewe. Haoni kuwa ni mzigo, anaona ni heshima yake.

"Baba Suad kasemaje?" aliuliza kutoka sebuleni, na pumzi ikamkatikia katikati ya swali.

"Bado anasema, Mama."

Lusajo akachungulia. "Mzee wangu, shikamoo tena. Sisi Bibi tutamshusha kama mayai."

"Mayai yapi?" Chaman akamdakia. "Wewe na basi lako kila kona unatumwaga!"

"Nyamazeni," Mzee Matar alisema. "Mke wangu habebwi na wanaume ngazini kama kabati. Lifti inakuja kutengenezwa. Nimeahidiwa."

Suad alimtazama. Amekuwa mdogo, kanzu inamning'inia. Alijaribu kusema kwa upole, lakini upole haukuwa kazi yake.

"Haya, Baba. Nisimulie alivyoupata ufalme."

"Unajua wewe."

"Najua. Wewe ndiye unayekiruka kipande hicho. Kasomeshwa Uingereza, kafunzwa uaskari, karudi kwao. Babake kamfanya nini?"

Mzee akakishika kitasa barabara zaidi.

"Kamweka ndani ya kasri Salala miaka, anachungwa. Nje watu wagonjwa hawana hospitali, watoto hawana skuli. Na babake ndiye mkubwa, neno lake ndilo neno. Sasa yule kijana angekaa na heshima yake angoje ruhusa, wewe ungerudi kwenye nchi gani?"

"Suad."

"Alimtoa, Baba. Alimtoa babake kwenye kiti. Mzee wa watu akaletwa hapahapa Landani, akafia hapa."

Lusajo akaanza kuyatazama mapazia.

"Nchi ilikuwa inakufa," Mzee Matar alisema.

"Na huyu mle ndani?"

"Mimi nimemfungia nani mlango?"

Alipokwisha kusema hivyo, wote wawili wakautazama mkono wake kwenye kitasa. Hakuutoa. Suad akafahamu kuwa babake si kwamba hataki kuutoa. Hawezi.

"Mafundi wakija wasinikute?" mzee aliuliza, sauti imemshuka kama ya mtoto. "Nikuambie kitu, mwanangu? Nimeomba vitu vichache mno maishani. Wakija, wakakuta pamefungwa, watasema hatukuwa na shida."

"Hawaji, Baba."

"Kaniambia nimwachie yeye."

"Kila mtu anaambiwa hivyo. Na mimi nimeambiwa. Mara ngapi sijui."

Simu ya Suad ikalia. Dereva wa gari la hospitali: ana wagonjwa wengine, anaweza kungoja kidogo tu, samahani sana. Naye alikuwa na adabu.

Suad akaitia simu mfukoni. Hapakuwa na wa kumpigia. Kaunsili, kampuni, hospitali, babake, hakuna mlango uliokuwa umebaki wa kubisha. Akaenda sebuleni, akachutama mbele ya kiti.

"Mama, unakwenda."

"Kanipa ruhusa?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hakukupa. Nimekupa mimi."

"Wewe si mume wangu, Suad."

"Si mumeo. Leo nyumba hii naiamua mimi. Ukitoka hospitali hurudi huku juu, unakuja kwangu Woolwich, kwangu hakuna ngazi. Na mimi dhambi yake naibeba."

Bi Nusra akaanza kulia bila sauti, kwa kuwa sauti hakuwa nayo. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana.

Suad akarudi ujiani. Akamshika babake mabega kwa mikono miwili, mabega mepesi ajabu, akambandua mlangoni, akamsimamisha ukutani. Mzee hakushindana naye. Suad alitamani ashindane.

"Ukitaka twende sote, twende," alimwambia. "Ukitaka kuwangoja, wangoje."

Akaufungua mlango wote. "Nyanyueni!"

Lusajo akashika mgongo wa kiti, Chaman miguu, wakapita. Bi Nusra alipofika usawa wa mumewe akanyoosha mkono nje ya shiti.

"Baba Suad, niwie radhi."

Mzee Matar aliukamata mkono ule, akauachia, akabaki pale ukutani.

Suad alitangulia, akashuka kinyumenyume, ameikumbatia miguu ya mamake isigonge ukuta.

"Polepole," Lusajo alisema kwenye ngazi ya kwanza.

"Si polepole," Suad alijibu, bila kutazama juu. "Shukeni. Gari linaondoka."