Mbuzi Asiye na Meno ya Juu

Katika jiji zima la Arua hakuna anayejua habari za meno kunishinda mimi. Kinywani nimebaki na manne, na hayajawahi kukutana. Lakini kujua, najua. Panya meno yake hukua mpaka siku ya kufa, ndiyo maana hatuachii mlango wala sanduku. Binadamu hupewa mara mbili tu. Akiyamaliza, uji upo. Ng'ombe naye hutafuna, humeza, kisha akilala kivulini huyarudisha majani akayatafuna upya. Hapo mimi na ng'ombe ni ndugu, maana maneno ya Swaib nayacheua kila jioni.

Swaib alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Kila Jumamosi akienda sokoni alikohoa kwanza langoni kwangu, na kikohozi kile hakikuwa cha kifua. Tulikunywa chai, mimi mjane, yeye mgane, tukiwasema watu. Halafu magoti yakamshinda, mwanawe akamchukua akakae naye Koboko. Tangu mvua za kwanza, lango langu halikohoi. Chai bado naipika ya watu wawili. Ile ya pili ikipoa, namwaga.

Nimwambie nini? Njoo, nimekukumbuka? Mwanamke wa umri wangu! Nikampigia simu, nikalia habari ya mbuzi.

"Mzee Swaib, mbuzi yangu iko mgonjwa. Meno ya juu, hapa mbele, haiko hata moja!"

Mbuzi gani duniani ana meno ya juu ya mbele? Mungu hakumpa. Ana ufizi mgumu tu, na majani huyakata kwa meno ya chini. Huko kwetu Kuluba mtoto anajua hilo kabla hajajua jina la babu yake. Nikangoja Swaib acheke, akate simu, nibaki na birika langu.

"Haiko hata moja?" akauliza polepole. "Hiyo ni hatari, Mama Nasiri. Kesho nakuja."

Akaja. Kanzu ya Idi, manukato mpaka mbuzi akapiga chafya. Akamfunua mdomo, akapapasa ufizi, akatikisa kichwa kama daktari.

"Yote imeanguka. Dawa iko, lakini ni ya kupaka kila Jumamosi. Lazima mimi mwenyewe nikuje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iote."

Mpaka yaote! Nikageuza uso, nikajifanya napuliza moto.

Kumbe Asiya, jirani yangu anayekaanga mandazi ng'ambo ya ua, alikuwa amesikia yote. Akaja akimburuta beberu wake, akamfunua mdomo mbele ya Swaib.

"Mzee, wewe umeuza mbuzi mpaka ukazeeka. Hii yangu je? Huko juu iko nini?"

Swaib akautazama ufizi mtupu wa beberu. Akanitazama mimi. Jasho likamtoka chini ya kofia.

"Hii nayo," akasema, "imeambukizwa."