Msamaha wa Fuatino

Chini ya mkeka kulikuwa na joto. Fuatino alipiga magoti kwenye changarawe za ua wa hospitali, mgongo ukimwuma pale saratani ilipohamia, akisikia viatu vya wapita njia vikipunguza mwendo. Mkeka ule mwororo wa ukoo, kwao kisiwani Savai'i, hufunikiwa mtu aliyemwaga damu ya mwenzake, akipelekwa kuomba radhi. Yeye hakumgusa mtu.

"Wakikuuliza, sema ulikuwa humezi vidonge," alinong'ona Peniamina, kaka wa mumewe na chifu wa ukoo.

"Lakini nilimeza, shemeji. Kila jioni baada ya sala."

"Sasa saratani imerudije? Ilisahau kofia, ikarudi kuichukua?"

Daktari Aukuso alikuwa amemweleza vizuri, wakiwa wawili tu. Saratani ya titi lake ilikuwa ikila homoni za mwili. Vidonge viliiziba mdomo. Ikakaa na njaa, halafu seli zake zikajifunza kuishi bila chakula kile, zikawa sugu. "Hutokea hata kwa anayemeza bila kukosa, mama. Si kosa lako." Dawa nyingine ilikuwepo New Zealand, na wa kumpeleka huko ni kamati ya hospitali inayochagua wagonjwa wa kutibiwa nje.

Mbele ya kamati daktari huyohuyo alinyamaza. Mwenyekiti ndiye aliyesema, watu wakisikia: "Nyinyi wa vijijini mnagawana hata mswaki. Vidonge uligawana na nani?" Maneno yale yalivuka bahari kabla yake. Kanisani wanakwaya walimwachia benchi zima. Aibu ikamkaa, ikamwuma kama aibu ya kosa la kweli, hata akaanza kujishuku: je, jioni ile ya kimbunga nilimeza?

Ukoo ukakata shauri aombwe radhi mwenyekiti, ili safari ipatikane. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, alisema Peniamina; tukainame, wakubwa hupenda kuinamiwa.

Mkeka ukainuliwa, mwanga ukamchoma macho. Mwenyekiti alisimama mbele yake, kikombe cha chai mkononi. Nyuma yake alikuwa Aukuso, akitazama chini.

"Haya, mama. Kuna nini?"

Fuatino alimtazama daktari. Neno moja tu lingetosha. Aukuso akafungua mdomo, mwenyekiti akageuka kidogo, daktari akaufunga.

"Nisamehe, bwana," alisema Fuatino. "Nilikuwa simezi."

Alisikia sauti yake ikisema uongo, akaona haya kuliko siku waliyomkata titi.

"Ala! Si nilisema?" Mwenyekiti alicheka, akamshika mkono akamwinua. "Wengine hubisha mpaka kaburini. Wewe umekuwa mkweli, na mimi sina kinyongo. Yameisha."

Peniamina akashusha pumzi. Wajomba wakaanza kushukuru kwa zamu, kila mmoja na hotuba yake, nguruwe wa zawadi akashushwa garini.

"Kwa hiyo atasafiri lini, mheshimiwa?" aliuliza Peniamina.

"Kusafiri?" Mwenyekiti alishangaa kweli. "Chifu, mgonjwa amekiri mwenyewe kwamba hamezi dawa. Nafasi ni chache. Nimpe yeye, nimnyime anayemeza?"

Mtu hamgombezi aliyekwisha kumsamehe. Hilo hata watoto wanalijua. Peniamina akainamisha kichwa, kisha akamgusa Fuatino kiwiko.

"Shukuru, shemeji. Mheshimiwa amekusamehe."

Fuatino akashukuru. Akaambiwa hasikiki, akashukuru tena kwa sauti.