Nguzo za Kairawani

Kalenda ilikuwa ya mwaka aliofariki baba yao, na Zubeda hakuwahi kuitoa ukutani. Ilikuwa na picha moja tu: ukumbi wa msikiti mkuu wa Kairawani, nguzo nyuma ya nguzo mpaka zikapotelea gizani. Leo, baada ya alasiri, Seifu alikaa chini yake akisubiri jibu. Alitaka kumuoa Soumaya, mdogo wake Zubeda. Ami zao wangefungisha ndoa, lakini hakuna ami aliyethubutu kusema ndiyo kabla ya Zubeda.

Seifu alisema amesoma Kairawani miaka minne. Mtaa mzima wa Buyenzi ulisema alikuwa Kampala, anaosha magari.

"Haya, ustadhi," Zubeda alisema, akimsogezea chai. "Huo mji aliuanzisha nani?"

"Uqba bin Nafi, dada. Mwaka wa hamsini wa Hijria. Wanasimulia palikuwa pori la nyoka na simba. Akawaita kwa sauti wahame, wakahama na watoto wao mdomoni."

"Na msikiti?"

"Nguzo zake zilitolewa kwenye magofu ya zamani, ya Warumi. Vichwa vya nguzo havifanani."

Zubeda alimtazama viatu, kisha mikono. Hadithi nzuri, lakini hadithi mtu anajifunza popote. Asubuhi fundi Shakuru, jirani yao wa gereji, alikuwa ametafuta idadi ya nguzo kwenye simu yake yenye mafuta. "Ni mia nne na kumi na nne," alimwambia. "Mubane hapo. Mutu ameswali mule miaka mine, anakosaje kujua?"

"Nguzo ni ngapi?" Zubeda aliuliza.

Kikombe kilisimama njiani. "Sijui, dada."

Nyuma ya pazia, Soumaya aliacha kuosha vyombo.

"Hujui! Miaka minne!" Zubeda alitungua kalenda, akamwekea mapajani. "Basi nihesabie hizi za mbele tu."

Seifu alinyoosha kidole, akakirudisha. Akaigeuza picha, ikalala kifudifudi.

"Unisamehe. Kule hatuhesabu. Wenyeji wanasema anayezihesabu anapofuka. Najua dini haisemi hivyo. Lakini wiki ya kwanza nilifika saba, mzee mmoja akanichapa mkono mbele ya watu. Tangu siku hiyo kidole kinagoma."

"We! Unajua kutunga, we!"

Alicheka peke yake. Kisha akaitazama ile kalenda iliyolala kifudifudi. Ile hesabu ilikuwa kwenye simu ya Shakuru, na simu hata Seifu anayo. Mwongo angekuja nayo mfukoni, kamili, mpaka ile kumi na nne.

"Lete wazee wako Ijumaa," alisema kwa ukali. "Na sijasema nimekuamini."

Seifu alipotoka, Soumaya alifunua pazia. "Dada, umekubali?"

"Rudi kwenye vyombo."

Zubeda aliitundika kalenda msumarini. Akasogea karibu, akaweka kidole kwenye nguzo ya kwanza. Moja. Mbili. Alipofika sita aliangalia nyuma kama kuna anayemwona, akashusha mkono, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.