Kilo za Mke Wangu

Mimi na maji hatupatani. Kila mlango niliowahi kurudishiwa na mteja akilalamika kwamba umevimba haufungi, aliyeharibu kazi yangu alikuwa maji. Kwa hiyo Jumapili ile mke wangu aliporudi kutoka bwawani, uso umemng'aa, akaniambia anataka nimuundie boti ya mashindano, nilimuuliza kama jua limempiga kichwani.

Aliyemtia hamu hiyo ni kaka yake, fundi wa mashine za boti. Huyu shemeji yangu ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Alikuwa amempeleka kutazama mbio za boti ndogo, zile za watu wa kawaida. Katika daraja la chini kabisa la mbio hizo, mtu hujiundia boti nyumbani kwa plaiwudi, akafunga nyuma yake mashine kuukuu iliyokwisha kuchoshwa na wavuvi, kisha akapiga magoti humo peke yake na kuzunguka maboya mpaka bendera ishushwe.

"Shemeji, hii si anasa," alinieleza, amejikalia juu ya meza yangu ya kazi bila kukaribishwa. "Mbao unazo, gundi unayo. Mashine nitamtafutia mimi, iliyochoka kidogo tu. Kofia ngumu na jaketi la kuokolea, klabu wanaazimisha. Kinachobaki ni moyo, na dada yangu moyo anao."

"Na mwili pia anao," nikasema.

Mke wangu alicheka kutupita sote. Mtaani walimwita Bonge tangu yuko shule ya msingi, na aliitika kwa furaha kama mtu aliyejichagulia jina mwenyewe. Mimi niliyeishi naye nilijua linamuuma. Nilikuwa nikimwona anavyogeuza uso akipita mbele ya kioo cha kabati ambalo nililichonga kwa mikono yangu.

Tuliiunda boti ile karakanani kwangu, jioni baada ya kazi. Klabu walitupa vipimo, nikakata plaiwudi, tukaishona ubao kwa ubao kwa waya wa shaba kama watu wanaoshona gunia. Tulipaka gundi kwenye maungio, tukasubiri ikauke, tukachomoa waya. Yeye anafanya kazi ya kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na jicho lake lilikuwa na sifa: ukimletea kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, anakutengenezea rangi ileile bila kugusa kitabu cha sampuli. Akaleta rangi ya machungwa mabivu, akaipaka mwenyewe. Siku boti ilipokamilika niliibeba mpaka kwenye mizani ya duka la nafaka, nikaipima, na uzito wake ukanikaa kichwani kama tarehe ya harusi yangu.

Nisiseme uongo, nilianza kuipenda. Si maji. Niliipenda boti.

Mbio zake za kwanza ziliingiza boti nane. Boti za namna hii zina siri moja tu, nayo ni kupanda. Ukibana mafuta, pua inainuka kwanza, tumbo linaburuta maji, halafu ghafla boti yote inapanda juu na kuanza kuteleza. Ya mke wangu ilikataa kupanda. Wenzake walikuwa wamekaribia boya la kwanza naye bado analima maji, pua juu, watu ukingoni wanapiga makofi ya kejeli. Lakini ilipopanda, alizikata kona kwa namna iliyonifanya nisimame. Wengine waliogopa, wakapita mbali na boya. Yeye alilipita karibu kiasi cha kuligusa kwa bega. Alimaliza wa tano.

Sheria yao ni kwamba mbio zikiisha, boti na dereva wake wanapimwa pamoja, na wakipungua chini ya kiwango wanaondolewa. Mzee wa mizani, bwana mmoja mpole mwenye kofia ya majani, alimpima akacheka. "Wewe mama hutakuwa na kesi na mimi maisha yako yote."

Na shemeji naye, pale pale: "Dada, kona unazo. Punguza mwili kidogo tu, hakuna atakayekugusa."

Akapungua.

Miezi iliyofuata alianza kuteremka kilo baada ya kilo, nasi tukashangilia. Nasema sisi, na mimi nimo. Magauni yalipelekwa kwa fundi cherehani yakabanwa, yakarudishwa yakabanwa tena. Majirani walimsimamisha njiani kumuuliza anatumia dawa gani. Wanawake wa dukani kwao walitaka awaandikie mpangilio wa chakula. Alikuwa akisimama mbele ya kile kioo cha kabati, akijigeuza huku na huku, akiniuliza, "Fundi, ni mimi huyu?" Nikamjibu kwamba ni yeye, amependeza. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata siku ya kuzaliwa binti yetu.

Na boti ikapanda. Kipyenga kikilia, iko juu. Mbio za tatu akashinda. Shemeji aliruka majini na viatu vyake. Mzee wa mizani akawaweka juu ya mizani, sindano ikagusa kiwango na kukipita kwa unywele. Akasema, "Mama, unanitania sasa."

Mambo mengine niliyaona nikayapa majina ya karibu. Alikunywa maji mengi mno, nikasema ni jua la bwawani. Aliamka usiku kwenda msalani mara kwa mara, nikasema ni yale maji. Mteja mmoja wa dukani kwao alirudisha ndoo ya rangi akifoka kwamba aliagiza kijivu akapewa kitu cha bluu, nikasema wateja wana vituko. Mimi ninayeweza kuona ubao umepinda kwa upana wa uzi, nilikuwa kipofu ndani ya nyumba yangu.

Mbio za nne alishinda tena, kwa mbali. Alipoletwa kwenye mizani sindano haikufika. Mzee akagonga mizani kwa kidole, akawateremsha, akawapandisha tena. Haikufika. Ushindi ukafutwa.

"Usihuzunike," akaniambia mimi, kwani mke wangu alikuwa ameshaanza kulia. "Hili ni tatizo zuri. Mkafunge vipande vya risasi sakafuni kuongeza uzito, mrudi kwenye mbio zijazo." Watu wakatuzunguka wakicheka na kumpongeza. Mtu mmoja akasema mama huyu ametoka kwenye Bonge mpaka kwenye unyoya. Mke wangu akafuta machozi, akacheka nao.

Nilinunua gunia zima la risasi kwa muuza vyuma chakavu, vipande vizito vya kijivu, nikavimwaga karakanani kando ya mizani niliyoazima duka la nafaka. Mchana ule nilikuwa peke yangu. Nilipima kilichohitajika kufikisha kiwango, kikawa kipande kidogo tu cha kutia mfukoni. Kisha sijui nini kilinishika. Uzito wa siku ya kwanza naukumbuka, uzito wa juzi naukumbuka, na boti haijabadilika hata kilo moja. Nikaanza kupanga risasi kwenye mizani mpaka ikalingana na yote aliyopoteza mke wangu tangu siku ile. Nilipanga, nikapanga. Ilipotimia nilijaribu kuinua lundo lile kwa mikono miwili, mgongo ukalia.

Nikalishusha. Nikakaa kwenye mavumbi ya randa, nikalitazama. Hicho chote kilikuwa mke wangu, na kimekwenda wapi?

Mtu anayejinyima anakonda, hilo naelewa. Lakini yeye alikuwa hajinyimi! Mimi ndiye niliyekuwa nikimaliza sahani na kumkuta yeye anajiongeza. Alikuwa anakula kuliko mimi ninayeshinda nikipasua mbao, na bado anayeyuka. 

Siku ya kuamkia mbio, alikuja karakanani kukagua boti. Akapapasa sakafu.

"Risasi iko wapi?"

"Sijaifunga."

"Si ufunge basi, Fundi. Kesho tunaondoka mapema."

"Sifungi mpaka uende kupimwa."

"Nimepimwa. Ndiyo maana tunahitaji risasi."

"Kupimwa na daktari, mama. Unaumwa."

Aliinuka kutoka sakafuni mwa boti. Halafu akasema taratibu, kwa sauti iliyonikata maini, "Maisha yangu yote mmenicheka. Nimekuwa Bonge kwa kaka zangu, Bonge kwa majirani, Bonge kanisani. Sasa nimepata mwili, nimepata kitu ninachokiweza kuliko watu, na wewe unaniambia ni ugonjwa. Kwa nini, Fundi? Unaona wivu?"

"Nikuonee wivu mimi? Mimi naogopa hata beseni."

Hakucheka. "Sema unachotaka kusema."

"Hujafanya lolote ili upungue. Umefanya nini? Niambie kitu kimoja ulichoacha kula."

Alifungua mdomo kujibu. Nilimwona anatafuta. Nilimwona anakosa. Akachukua mkoba wake na kutoka, na usiku ule tulilala tumepeana migongo.

Asubuhi alikuwa amevaa nguo zake za mbio. "Tutapitia zahanati," akasema bila kunitazama. "Nikuthibitishie. Nikitoka pale utafunga risasi yako na utaniomba radhi mbele ya kaka."

Shemeji alitupeleka kwa pikapu lake, boti nyuma kwenye trela. Nilikuwa na risasi na spana kwenye begi, maana ahadi ni ahadi. Muuguzi wa zamu, binti mdogo aliyekuwa bado anapiga miayo, alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kifaa. Akakitazama. Akachukua kingine. Miayo ikakatika.

"Mama," akasema, "umekuja hapa kwa miguu yako?"

"Nina mashindano saa nne," mke wangu akamjibu. "Nipe cheti."

"Sukari yako imepita pale ambapo kifaa hiki kinaweza kusoma. Huendi popote."

Yalikwenda haraka baada ya hapo. Kitanda, dripu, daktari kuitwa kutoka nyumbani kwake. Mlinzi akaja ndani kwa hasira kuuliza ni nani aliyeegesha boti kwenye njia ya gari la wagonjwa, kwamba miaka yote ya kazi yake hajaona balaa kama hilo, na shemeji, ambaye siku zote ana la kusema, akatoka kuiondoa kimyakimya huku machozi yanamtiririka.

Daktari alitueleza wote wawili. Mwili wake ulikuwa hauwezi kutumia chakula anachokula, hivyo ulikuwa unajila wenyewe. Macho pia yalikuwa yameanza kuguswa. Angeingia majini asubuhi ile, huenda angezimia na usukani mkononi. Angechomwa sindano kila siku, angefuata masharti, na nyama zingerudi. Akasema hayo ya nyama kama habari njema. Nami nilizipokea hivyo, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mke wangu akageukia ukutani.

Tulibaki wawili. Kwa dirisha zilisikika pikipiki zikipita. Saa nne ikafika, ikapita, na hakuna aliyeitaja.

"Fundi," akasema, bado amenipa mgongo.

"Naam, mama."

"Usinirembeshee. Zile mbio nilizoshinda. Nilishinda mimi, au ilishinda hii sukari?"

Ningeweza kumdanganya. Yeyote mwenye huruma angemdanganya, na sijui hata leo kama nilifanya vyema. Lakini boti ile niliiunda mimi. Najua kila kilo ilifanya kazi gani ndani yake, na yeye alijua kwamba najua.

"Sukari ilikubeba," nikasema. "Boti ilikuwa nyepesi kuliko zote. Ilipanda kabla yao."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimshika mguu juu ya shuka. Ulikuwa mwembamba, mifupa mitupu, na nikaona haya kwamba wiki chache nyuma mguu huohuo niliusifu.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Ile ya kwanza kabisa, hapana. Ile hakukubeba mtu. Ulikwama, ukachekwa, ukaenda kuwatafuta mmoja mmoja kwenye kona."

"Nilikuwa wa tano."

"Wa tano."

Alivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akajigeuza polepole, akiangalia mpira wa dripu usichomoke, akanitazama kwa yale macho yaliyoanza kuchoka.

"Zilikuwa boti nane," akasema. "Kuna watatu walibaki nyuma yangu."

"Watatu."

"Na mwili wangu wote ulikuwemo."

"Wote, mama. Hata kilo moja haikukosekana."

Akaniomba kitambaa, akajifuta uso. Muuguzi aliingia na sindano ya pili, akaanza kumbembeleza kama mtoto kwamba haitauma sana. Mke wangu alikuwa ameshakunja mkono wa nguo mwenyewe.